Shafti ya titani au ya chuma cha pua (steel)?

Mkuu, umeuliza kama shafti ya titani kwenye mashine ya kusaga itaishinda ya chuma cha pua, na kama itakerezeka kirahisi.

Kwa nguvu tupu, haishindi. Aloi maarufu ya titani, Ti-6Al-4V, hukatika kwenye mvuto wa MPa 900 hivi (MPa ni kipimo cha mkazo). Chuma cha pua aina ya 4140 (aloi ya kawaida ya shafti, si stainless) kilichotiwa ugumu kwa moto hufika hapo na hata kupita. Sifa ya titani ni wepesi: gramu 4.43 kwa sentimita moja ya ujazo, chuma 7.85. Tena kwa mzigo uleule hupinda karibu mara mbili ya chuma.

Kukereza ndiyo shughuli pevu. Titani haipitishi joto vizuri, kwa hiyo joto linang'ang'ania kwenye ncha ya kisu. Kwa kisu cha kabaidi (ncha ngumu kuliko chuma) nenda kama mita 50 kwa dakika, mahali ambapo chuma ungekata kwa 150. Kisu kiwe kikali na kisisite. Kikianza kusugua badala ya kukata, umekiua. Kipozeo mwaga kwa wingi. Na nyuzi nyembamba za titani zinazotoka ukikereza huwaka, zikishika moto usithubutu kumwaga maji, tumia mchanga mkavu.

Mashine ya kusaga haipai angani ihitaji wepesi, wala haikai baharini iogope kutu. Nunua 4140.