Usilipe kabla hujachomoa waya wa intaneti

Mkuu, kabla ya yote mpigie fundi umeme wako umwambie asizibe tundu hata moja ukutani. Mengine utasoma baadaye.

Umeandika kwamba unajenga Njiro, plasta inaanza Jumatatu, na jamaa wa nyumba janja amekushauri usiweke swichi kabisa. Kuta zibaki safi, kila chumba kibandikwe kitufe kimoja kinachotumia betri, taa na muziki wa vyumba sita vyote viongozwe na kontrola moja (kisanduku kinachopokea amri na kuzipeleka kwenye vifaa), kwa milioni 9. Unauliza uchukue huduma gani ya kustrimu muziki, spika za kwenye dari au za Wi-Fi, na kama bei hiyo ni ya haki. Nimesoma mara mbili na mikono imekuwa baridi, maana hayo ndiyo maneno niliyoambiwa mimi Moshi, neno kwa neno.

Mimi nililipa milioni 11.4. Ndani yake kulikuwa na kontrola, vitufe 17, relei za kwenye dari (swichi ndogo zinazowashwa kwa amri), spika nane na amplifaya. Bwana aliyeniuzia alikuja na tableti, akagusa kioo, spika yake ya maonyesho ikaimba na taa ikapungua mwanga taratibu. Mama watoto alipiga makofi. Nikamuuliza, "Na swichi za kawaida?" Akacheka. Akasema, "Mzee, swichi ukutani siku hizi ni ushamba." Nikaona aibu kuonekana mshamba kwenye nyumba yangu mwenyewe. Fundi umeme wangu, mzee wa Kiboriloni aliyesomea kazi hii kwa mikono, aliniambia tuchimbie swichi hata kama hatutazitumia. Nikamwambia aache. Ile siku ndiyo iliyonigharimu, kuliko kitu chochote nilichowahi kununua.

Sikiliza sasa vile vitufe vinavyofanya kazi, kwa sababu hili hakuna muuzaji atakayekueleza. Kile kitufe hakina waya unaokwenda kwenye taa. Ukikibonyeza kinatuma ishara kwa kontrola. Kontrola yangu, badala ya kuamua yenyewe, ilikuwa inauliza seva za kampuni iliyoitengeneza, ng'ambo huko. Seva ikijibu, ndipo kontrola inaiambia relei iliyo juu ya dari iwashe. Yaani amri inapanda faiba, inavuka bahari, inarudi, ili iwake taa iliyo mita moja juu ya kichwa changu. Intaneti ikiwa nzima huoni lolote, ni nusu sekunde tu. Muziki nao njia ni hiyo hiyo: kitufe, kontrola, ng'ambo, kontrola, spika.

Desemba 2021 ukoo wote ukapanda nyumbani kama kawaida yetu. Tarehe 24 tulikuwa watu 19 ndani, mama yangu akiwemo, ana miaka 78, ameshuka kutoka Old Moshi kuja kuiona nyumba kwa mara ya kwanza. Saa kumi na moja jioni intaneti ikakata. Hakuna aliyejali, watoto walikuwa nje, mtori ulikuwa jikoni, na jua lilikuwa bado lipo. Saa moja ikafika. Binti yangu akabonyeza kitufe cha sebuleni. Kimya. Akabonyeza tena. Nikaenda mwenyewe jikoni, korido, chooni, vyote vimekufa. Wakati huo friji inanguruma na runinga inawaka.

Mama akauliza kutoka kwenye kochi, "Luku imeisha?"

Nikamjibu, "Hapana mama, umeme upo."

"Upo wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kwenye meni swichi nikazima, nikawasha tena, nikidhani kontrola itaamka na akili mpya. Hapo ndipo nilipoua kila kitu. Kabla ya hapo angalau taa ya barazani, iliyokuwa imewashwa tangu asubuhi, ilikuwa inawaka. Kontrola ilipojiwasha upya ikaanza kutafuta seva yake, kitaa chekundu kinapepesa, kinapepesa, na ile taa ya barazani nayo haikurudi. Tukabaki na tochi za simu. Mama aliinuka kwenda chooni, nikamwona kwa mwanga wa runinga anapapasa ukuta wa korido kwa kiganja, juu, chini, anatafuta swichi mahali ambapo kila nyumba duniani ina swichi. Akafika kwenye kile kitufe, akakibonyeza mara tatu, akaendelea na giza. Akagonga goti kwenye kona ya kabati la viatu. Goti lile lilivimba mpaka mwaka mpya.

Niambie sasa mkuu, ushamba ni upi hapo. Ningependa yule bwana aje anijibu huku akimtazama mama yangu usoni. Nilimpigia simu usiku ule mara sita. Asubuhi ya Krismasi akanitumia ujumbe kwamba mfumo hauna tatizo, tatizo ni mtoa huduma wangu wa intaneti. Na mjue hakudanganya! Mfumo ulikuwa unafanya kazi vile vile ulivyoundwa. Alichoficha ni kwamba uliundwa kwa ajili ya mahali ambapo intaneti haikatiki.

Na kilichoniuma zaidi ya giza ni muziki. Marehemu baba aliacha kanda karibu 60, za kwaya za sharika zetu na za muziki wa dansi. Nilikaa miezi kuzihamishia kwenye kompyuta, moja moja, nikaziweka kwenye diski iliyounganishwa na mfumo ule ule, ili Krismasi ya kwanza ndani ya nyumba mpya mama asikie sauti ya baba akiongoza besi. Diski ilikuwa pale pale chini ya runinga, naiona, inazunguka. Spika zipo. Umeme upo. Lakini programu ilitaka kwanza iingie kwenye akaunti kupitia intaneti ndipo inifungulie nyimbo za baba yangu mwenyewe. Hilo sijalisahau na silisamehe.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja. Kabla hujatoa hata senti, mwambie huyo jamaa aweke vitu vyake mezani mbele yako: kontrola, kitufe, taa, spika. Kisha mwambie achomoe waya wa faiba nyuma ya ruta. Asikubabaishe kwa kuzima Wi-Fi kwenye simu yake. Ruta ibaki inawaka, ule waya mmoja tu ndio utoke. Bonyeza kitufe. Taa ikiwaka usishangilie bado. Zima umeme wa kontrola na ruta kabisa, subiri dakika kumi, washa tena huku faiba bado imechomolewa, halafu bonyeza tena. Vifaa vingi vinapita jaribio la kwanza kwa sababu vinakumbuka kibali cha zamani, na vinaanguka kwenye la pili. Na kwetu hapa hilo la pili ndilo maisha: umeme ukikatika kontrola inazimika, ukirudi intaneti inaweza kuchelewa nusu saa. Mwishoni mwambie acheze wimbo ulio kwenye flashi yako, bila intaneti. Akianza kusema "kwa kawaida" au "mara nyingi", chukua funguo za gari uende nyumbani.

Mnaoniona nakuza jambo, tazameni yaliyowakuta wenzetu wenye intaneti ya uhakika. Revolv kilikuwa kisanduku cha kuongozea nyumba, kiliuzwa dola 300 hivi huko Marekani. Nest, watengenezaji wa vifaa vya nyumba janja, wakainunua kampuni hiyo mwaka 2014, Mei 2016 wakazima seva, kisanduku kikawa pambo. Insteon, kampuni nyingine ya nyumba janja, Aprili 2022 seva zake zilizimika bila wateja kuarifiwa. Waliokuwa na swichi zilizounganishwa moja kwa moja na taa waliendelea kuwasha, waliotegemea programu ya simu wakakwama. Na upande wa muziki nina mfano wa kutia moyo. Logitech waliacha kutengeneza vifaa vya kuchezea muziki vya Squeezebox mwaka 2012, na mwaka 2024 wakafunga tovuti iliyovihudumia. Wenye navyo bado wanasikiliza hadi leo, kwa sababu seva yake unaweza kuiweka nyumbani kwako kwenye kompyuta yako, na programu hiyo sasa inaendelezwa na watumiaji wenyewe kwa jina la Lyrion Music Server. Kampuni imeondoka, muziki umebaki. Hicho ndicho unachotakiwa kununua.

Mimi Januari ile nilimrudia mzee wa Kiboriloni. Hakunisema hata neno, alileta patasi na nyundo. Tulitindua sehemu 17 kwenye kuta zilizokwisha kupigwa skimu na rangi, tukashusha waya kutoka darini. Pamoja na kurudishia rangi ilinitoka 3,850,000, na vumbi tulilipangusa mpaka Pasaka. Wewe kazi hiyo hiyo leo utaifanya kwa bei ya waya na mabomba tu kwa sababu plasta haijapigwa. Ndiyo maana nakuandikia usiku huu.

Mwambie fundi hivi. Kila mlango uwe na boksi la swichi la kawaida, lenye kina cha milimita 35 kwenda mbele, maana lile la 25 relei haikai ndani vizuri. Na kwenye kila boksi ashushe nyutro, ule waya unaorudisha umeme. Hili msisitize, kwa sababu mafundi wetu wamezoea kushusha laivu tu (waya unaoleta umeme) kwenye swichi, nyutro inaishia juu kwenye taa, na relei nyingi zinahitaji zote mbili. Relei inakaa nyuma ya swichi. Mtu akibonyeza, taa inawaka hata kontrola ikiwa imekufa na ruta imetupwa jalalani, na intaneti ikiwepo unapata hayo mengine ya kwenye simu. Mimi nimetumia za Shelly, zinapokea amri ndani ya mtandao wa nyumba bila kwenda ng'ambo. Kontrola ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo, yenye Home Assistant, programu ya kuongozea nyumba, na muziki unatoka kwenye Lyrion. Nyimbo ziko kwenye SSD, diski isiyozunguka, maana kadi ndogo ya kumbukumbu haivumilii umeme wa kukatika katika, yangu ya kwanza iliharibika ndani ya miezi minne. Ruta na Pi ziko kwenye UPS moja, betri inayoshika umeme ukikatika.

Spika za dari au za Wi-Fi: pitisha waya wa spika kila chumba sasa hivi, 2.5 mm² kwa vyumba vya mbali, na waya wa mtandao pembeni yake, hata kama spika utanunua mwaka kesho. Bomba tupu ndani ya ukuta halidai umeme wala intaneti.

Kuhusu huduma ya muziki, Spotify ipo nchini tangu 2021, na uzuri wake ni kwamba ukiituma kwenye spika inayoijua, spika inavuta wimbo yenyewe kutoka kwenye seva, simu inabaki kuwa rimoti, ukitoka kwenda dukani muziki hauondoki na wewe. Kwa Bluetooth simu ndiyo inayopiga, ukipita geti muziki umekatika. Ubora wa 320 kbps unakula takribani MB 144 kwa saa kwa kila chumba kinachopiga wimbo wake, kwa hiyo kama unatumia bando piga hesabu. Na kama jamaa atakuongezea ruta ya pili, hakikisha ameiweka ipitishe tu mtandao wa ile ya kwanza, la sivyo simu ikiwa kwenye ruta moja na spika kwenye nyingine hazitaonana, utahangaika wiki nzima ukidhani spika ni mbovu.

Kitu kingine, kabla hajaondoka akukabidhi akaunti zote kwa barua pepe yako na pasiwedi uzibadilishe yeye akiwa anaangalia. Yangu ilikuwa kwenye barua pepe yake. Nilipobadilisha mtoa huduma wa intaneti nilimlipa nauli na posho ya kutoka Dar ili tu aje kuandika jina jipya la Wi-Fi, na mara ya tatu namba yake ikawa haipatikani.

Krismasi iliyopita mama alishuka tena. Kaingia korido, mkono ukaenda ukutani, tak, taa. Hakusema kitu, akapita. Kisha akaja kukaa karibu na spika ya sebuleni, nikaweka kanda ya tatu upande wa pili.

Leo ni Ijumaa, una kesho na keshokutwa. Piga picha za kuta kama zilivyo, tuma hapa, nitakuonyesha boksi ziende wapi.