Duka limeungua: kuanza upya ni kupingana na kadari?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni fundi wa mabuibui. Kibanda changu kimeungua siku chache kabla ya Idi: cherehani mbili, majora niliyokopa na vitambaa vya wateja. Nimefikiria kushona mikoba na misala kwa vipande vilivyosalimika, ila nyumbani naambiwa nitulie, niridhike na kadari, kuna heri ndani yake. Kila nikisikia hiyo "heri" nalia. Je, imani yangu ina upungufu?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Pole sana dada yetu. Lia. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi, akasema moyo unahuzunika, na hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Aliyekwambia "kuna heri" majivu hayajapoa amesema kweli kwa wakati usio wake. (Nasi masheikh tuna kosa hilo hilo tukienda matangani.)

Ama kadari, katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kutoka kwa Abu Huraira, Mtume (s.a.w.) anatuambia tupanie linalotunufaisha, tumtake Allah msaada wala tusilegee, na likitufika jambo tusiseme "lau ningefanya hivi ingekuwa vile", bali tuseme Allah amekadiria na alitakalo hufanya, kwani "lau" hufungua kazi ya shetani. Tazama mpangilio wake. Kupania kumetangulia, kadari imekuja nyuma kuufunga mlango wa majuto. Anayeitumia kadari kukuweka kitako ameishika hadithi mkiani.

Imamu Sarakhsi, mwanachuoni mkubwa wa Kihanafi wa karne ya 5 Hijria, alifungwa Uzjand, upande wa Fergana huko Asia ya Kati, zaidi ya miaka 10 kwa sababu ya neno la nasaha. Imepokewa kwamba alitiwa shimoni, wanafunzi wakakaa juu ukingoni, yeye akisema kutoka kifuani, bila kitabu, nao wakiandika. Ndiyo Al-Mabsut hiyo, kitabu chake cha fiqhi, iliyokuja kuchapwa kwa juzuu 30. Nami ninachompendea zaidi ni kwamba hakujifanya kufurahia kifungo. Alipomaliza milango ya ibada kitabuni humo aliandikisha kwamba haya ni maneno ya mtu aliyezuiwa swala ya Ijumaa na swala za jamaa. Fikiri: ametoka kufundisha hukumu za Ijumaa, na mwenyewe haendi! Kisha akaingia mlango unaofuata.

Basi shona. Swali istikhara, yaani swala ya kumwomba Allah akuchagulie lililo la heri, uliza na wenzako sokoni kama mikoba ina wateja.

Deni la majora liko palepale. Mwombe mwenye mali muda. Qur'ani (2:280) yaamuru mwenye dhiki asubiriwe. Ukilemewa, kuna fungu la wenye madeni katika zaka (9:60), na usione haya kulipokea. Kuhusu vitambaa vya wateja, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafi ni kuwa fundi halipi kilichoteketea bila uzembe wake. Lakini ujira uliotanguliziwa kwa kazi usiyoifanya, urudishe.

Na hivyo vipande vilivyosalimika: kama vimo vya wateja, ni mali yao, hata kiwe cha kiganja. Waombe ruhusa kabla hujatia mkasi.

Wallahu a'lam.