Swali ambalo jibu lake halimo kwenye habari

Mwalimu mwenzangu, umeuliza utawafundishaje wanafunzi wa kidato cha pili kufikiri kwa kina ilhali Kiingereza chenyewe bado hawajakimudu. Nimefundisha somo hilo katika shule ya kata kwa miaka 11, na naamini kinachowadumaza zaidi ni maswali yetu ya ufahamu. Ngazi 6 za kufikiri za Benjamin Bloom za mwaka 1956 tulizikariri sote chuoni, lakini maswali yetu mengi hukwama kwenye ile ya kwanza, ya kukumbuka tu.

Siku moja niliandika ubaoni sentensi yenye maneno ya kubuni, "The blick dorded the tem", kisha nikauliza blick ilifanya nini. Karibu darasa zima lilijibu "The blick dorded the tem", na hakuna aliyeuliza blick ni kitu gani. Nilisikitika sana, kwa maana alama za vema nilizokuwa nikizitoa muda wote huo zilikuwa za kunakili.

Tangu hapo kila habari naiwekea swali moja ambalo jibu lake halimo ndani yake. Tuliposoma habari ya mama muuza maandazi aliyepandisha bei baada ya unga kupanda, niliuliza kama alitenda haki. Kwanza wanafunzi hujadili wawili wawili kwa Kiswahili, dakika 5 tu, kwa sababu mtoto aliyesoma shule ya msingi miaka 7 kwa Kiswahili huelemewa akitakiwa kutafuta wazo na neno geni kwa pamoja. Baada ya hapo huandika kwa Kiingereza, sentensi moja, kwa kutumia kiunganishi nilichokifundisha siku hiyo. "Because" humdai sababu, "unless" humdai sharti, na "although", ninachokithamini kuliko vyote, humlazimisha kukiri kwamba upande wa pili nao una hoja.

Binti mmoja ambaye muhula mzima hakuwa amenyoosha mkono aliandika: "Although flour is expensive, she should tell us before." Nilipomwuliza kwa nini, alieleza kwamba wanafunzi huja na shilingi 200 kamili, hivyo bei ikipanda ghafla hushinda na njaa. Habari haikuwa imegusa jambo hilo hata kidogo.

Kwa darasa la wanafunzi 83, sentensi moja moja nazimaliza kusahihisha jioni ileile: alama 2 za hoja, 1 ya sarufi, nao huelezwa mgawanyo huo kabla hawajaanza kuandika.