Mazoezi bila kipimo

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni mama wa miaka 52, mkazi wa Tanga, na nina shinikizo la damu. Kila niendapo kliniki ninaambiwa nifanye mazoezi, nami huitikia, kisha narudi nyumbani nisijue pa kuanzia, kwa kuwa magoti yananiuma na kukimbia siwezi. Mume wangu anasema kazi za nyumbani zinatosha. Je, tatizo langu ni uvivu au ni kutoelewa?

JIBU: Mama, katika maelezo yako sioni uvivu. Ukipewa dawa, huelezwa vidonge vingapi na mara ngapi kwa siku. Lakini neno “mazoezi” mara nyingi hutolewa bila kipimo, na mgonjwa asipojua la kufanya, lawama humwangukia yeye. Uelewa wa afya ni uwezo wa kupata taarifa, kuzielewa, kuzipima na kuzitumia, nao hauishii kwenye kujua kusoma, maana wapo wenye shahada wanaoamini kwamba zoezi lisilotoa jasho si zoezi. Tafiti nyingi zimeona kwamba watu wazima wenye uelewa huo huelekea kuushughulisha mwili zaidi, ingawa nyingi ziliwapima watu mara moja tu, na kwa hiyo hazithibitishi kipi kilizaa kipi.

Kipimo chenyewe kipo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate kila wiki dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani, yaani ile inayokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba, pamoja na kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Nusu saa kwa siku 5 inatosha kuufikia. Mwongozo huo pia uliacha sharti la zamani la dakika 10 mfululizo, habari ambayo ingewapa moyo wengi kama ingewafikia: hata mwendo mfupi wa haraka kwenda sokoni unahesabiwa.

Mume wako basi ana ukweli nusu. Kufua kwa mikono, kulima au kubeba maji huhesabiwa iwapo pumzi inaongezeka. Kuchambua mchele ukiwa umekaa hakuhesabiwi. Kwa magoti yako, anza kwa kutembea mahali tambarare kwa dakika chache, uongeze kidogo kidogo. Nakiri kwamba ujuzi huu haukujengei njia salama ya waenda kwa miguu wala haukupunguzii kazi za nyumbani, na hapo familia inapaswa kukuachia nafasi.

Ukirudi kliniki, uliza uanze na dakika ngapi, na kama dawa zako zinahitaji tahadhari yoyote. Kabla ya kutoka, mrudie mhudumu maelezo hayo kwa maneno yako mwenyewe, ili akusahihishe mkiwa bado pamoja. Ukipata maumivu ya kifua au kizunguzungu ukiwa njiani, simama mara moja na utafute matibabu bila kuchelewa.