Kabla ya pedali, shika bisibisi

Ndugu yangu, umeuliza ununue pedali gani (kile kifaa cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gitaa) ili gitaa lako la bei nafuu lilie kama la Lee Ranaldo, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Sonic Youth. Kwa sasa usinunue hata moja. Ranaldo na mwenzake wa bendi, Thurston Moore, walianzia New York miaka ya 1980 na magitaa ya bei ya chini, mengine hayakushika tyuni ya kawaida kabisa, ndipo wakayatyuni kwa namna yao, kila gitaa kwa nyimbo zake. Ndiyo maana vyombo vyao vilipoibiwa mwaka 1999 lilikuwa pigo kubwa mno.

Chukua bisibisi, ipenyeze chini ya nyuzi kwenye freti (kijichuma cha shingo ya gitaa) ya 12, kisha gonga taratibu kwa kijiti cha ngoma, upande huu na ule. Utasikia kengele! Mimi siku ya kwanza nilikesha nayo. Halafu tyuni nyuzi mbili jirani kwenye noti moja, ila mmoja uulegeze kidogo sana. Ule mtetemo utakaousikia ndio utamu wenyewe. Uzi mwembamba ukilegezwa mno hugongagonga freti, kwa hiyo funga nyuzi nene. Pedali ya distoshani, ya kukwaruzisha sauti, itakuja baadaye, na moja inatosha.