Maswali na majibu: Paa la sleti limekamilika, kazi ya fundi naikaguaje?

Maswali ya safari hii yanafanana. Watu wameezeka sleti, fundi anasubiri malipo yake ya mwisho, na mwenye nyumba amesimama chini, shingo juu, hajui aangalie nini. Sleti, kwa asiyeijua, ni jiwe linalopasuliwa likawa vibao vyembamba, milimita 5 au 6 hivi, vinavyopangwa juu ya paa kama magamba ya samaki. Jiwe zuri hukaa miaka 100 na ushei. Kwa hiyo paa likivuja baada ya miaka mitano, mimi silaumu jiwe kwanza. Natafuta msumari, natafuta bati la kwenye maungio ya paa, na napima mpandano.

Swali: Fundi wangu anasema sleti zikipandana sentimita 5 inatosha, kuzidisha hapo ni kuharibu mali. Paa langu halina mwinuko mkali. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, na hilo la mwinuko ndilo linalozidi kumhukumu. Kwanza tuelewane tunapima nini. Chukua mistari mitatu ya sleti, mmoja juu ya mwingine, uihesabu kutoka chini. Sleti ya mstari wa tatu lazima ishuke mpaka ifunike kichwa, yaani ncha ya juu, cha sleti ya mstari wa kwanza. Ule urefu inaoufunika pale kichwani ndio mpandano tunaouzungumzia, si ule wa mstari mmoja juu ya mwenzake. Mafundi wengine huchanganya hayo mawili, na wengine huchanganya kwa makusudi.

Mvua ikinyesha, maji hupenya kwenye nafasi iliyo kati ya sleti mbili za jirani na kuangukia uso wa sleti ya chini. Huko hayateremki tu. Upepo huyasukuma kupanda, na yenyewe pia hujivuta kati ya mawe mawili yaliyobanana, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Mpandano ni safari ambayo maji lazima yaimalize kabla hayajavuka kichwa cha sleti na kudondokea kwenye mbao. Paa likiwa kali, maji hukimbia, nayo safari fupi inatosha. Likilala, maji huzubaa, kwa hiyo safari lazima irefushwe. Kipimo kilichozoeleka ni hiki: paa linalopanda sentimita 8 au zaidi kwa kila 12 za mlalo, mpandano milimita 75. Linalopanda kati ya 4 na 8 kwa kila 12, milimita 100. Chini ya 4, tafuta kitu kingine cha kuezekea.

Unaweza kumkagua bila kupanda ngazi. Urefu wa sleti, toa mpandano, gawa kwa mbili: jibu ni sehemu ya kila sleti inayopaswa kuonekana. Sleti ya milimita 500 yenye mpandano wa 100 huonekana milimita 200. Kama mteremko wa paa lako una urefu wa mita 6, simama chini uhesabu mistari. Inatakiwa ikaribie 30. Ukipata 26 au 27, kila sleti inaonekana milimita 225 hivi, yaani mpandano ni ule wa sentimita 5 aliokutajia. Ile mistari mitatu au minne iliyokosekana ulishailipia. Niliwahi kuhesabu paa moja namna hii nikiwa bado getini, na mwenye nyumba akadhani nafanya uganga.

Swali: Namwona fundi anapigilia kwa bunduki ya misumari. Kazi inakwenda mbio kweli. Niwe na wasiwasi?

Jibu: Uwe nao. Sleti haibanwi na msumari. Sleti huning'inia kwenye msumari. Kichwa cha msumari kinatakiwa kikae ndani ya kishimo kilichoko kwenye tundu, kiguse jiwe bila kulikandamiza, na ukiishika sleti uhisi inacheza kidogo. Msumari ukizama kupita kiasi, jiwe hupasuka pale pale, au hubaki na mkazo likapasuka baadaye siku ya joto kali au ya baridi kali. Ukibaki umechomoza, sleti inayolala juu yake hukaa juu ya kichwa hicho kama mtu aliyelalia kokoto, na mwaka hata mwaka hutobolewa kutoka chini. Mkono wa fundi huhisi tofauti hiyo. Bunduki haihisi kitu, inasukuma kwa nguvu ileile popote.

Ukiwa hapo, okota msumari mmoja. Uwe wa shaba nyekundu au wa chuma kisichoshika kutu. Ule wa kawaida uliopakwa zinki kwa umeme utaliwa na kutu wakati jiwe bado kijana, na siku hiyo sleti nzima nzima zitaanza kuteleza zenyewe. Urefu wa msumari ni unene wa sleti mara mbili, ongeza milimita 25 za kuingia kwenye ubao. Sleti ya milimita 6 inataka msumari wa milimita 38 hivi.

Swali: Kingo za sleti zangu zimemegeka upande unaoonekana, kama zimetafunwa. Upande wa nyuma ziko laini. Fundi amezigeuza?

Jibu: Hapana, huyo amepanga sawasawa. Sleti hukatwa na kutobolewa kwa kupigwa kutoka mgongoni, hivyo mmegeko hutokea usoni, na ndiyo sura yake. Kile kishimo cha kupokea kichwa cha msumari hutokana na kutobolewa huko huko. Mstari mmoja tu ndio hugeuzwa: ule wa kuanzia, unaofichwa chini ya mstari wa kwanza pale ukingoni mwa paa. Na hapo ukingoni angalia kama mstari wa kwanza unaoonekana umelala vizuri. Ukiwa na mwanya chini yake, fundi alisahau kuweka kipande cha ubao cha kuinua ukingo.

Swali: Miezi minne tu tangu tuhamie, sleti tatu zimeanguka uani. Muuzaji anasema fundi, fundi anasema jiwe. Nimwamini nani?

Jibu: Usimwamini yeyote, viulize vipande. Viokote uviangalie. Ufa ukianzia kwenye tundu la msumari, hiyo ni nyundo. Sleti ikiwa imekatika katikati kwa kulala, mara nyingi ni mguu: mtu alitembea juu yake badala ya kutumia ngazi ya kulalia paa, na ajabu ni kwamba mara nyingi siye fundi wa paa bali yule aliyepanda baadaye kufunga antena au kupaka rangi. Ikiwa imeanguka nzima, matundu yake salama, basi ni msumari uliokatika au uliochomoka. Ikiwa inabanduka tabaka tabaka kama kitabu kilicholowa, hapo muuzaji ana la kujibu.

Chukua pia sleti iliyobaki isiyotumika, ining'inize kwa vidole viwili uigonge kwa kifundo cha kidole. Sleti nzima hulia kama kigae kilichochomwa kikaiva. Yenye ufa hutoa sauti ya kufa, kama umegonga kadibodi. Fundi mzuri huigonga kila sleti kabla ya kuipeleka juu. Kama hukuwahi kusikia mlio huo siku zote za kazi, umeshapata nusu ya jibu.

Swali: Kuzunguka dohani fundi amepaka lami nene nyeusi, anasema haipiti tone. Nimlipe?

Jibu: Usimlipe bado. Lami na silikoni ni dawa ya dharura, si ujenzi. Hukauka, hupasuka, na kabla ya hapo huzuia usione kilichoko chini. Mahali paa linapokutana na ukuta panataka flashingi, yaani vipande vya shaba nyekundu, risasi au chuma kisichoshika kutu. Ubavuni mwa dohani vipande hivyo hupanda kama ngazi, kila mstari wa sleti na kipande chake kilichoingia kati ya sleti na kukunjwa kwenda juu ukutani. Kisha kipande kingine hutoka ndani ya kiungo cha tofali na kukishukia cha kwanza kama kofia. Bati moja refu lililonyooka kutoka chini hadi juu, likazibwa kwa gundi, ni uvivu.

Kwenye bonde la paa, pale pande mbili zinapokutana, sheria ni moja: hakuna msumari unaopita kwenye bati la bonde. Maji ya pande zote mbili yanapita hapo, na tundu moja linatosha kukutia kazini.

Swali: Paa langu lina madoa ya rangi ya kutu, na upande mmoja ni mweusi kuliko mwingine. Ni kazi mbaya?

Jibu: Ni mambo mawili. Madoa ya kutu yanatokana na madini ya chuma yaliyomo ndani ya jiwe. Hilo ni la kumuuliza muuzaji. Kama sleti ziliuzwa kwa kipimo cha Marekani cha ASTM C406, daraja S1 ni la mawe yanayotarajiwa kudumu zaidi ya miaka 75, S2 miaka 40 hadi 75, S3 miaka 20 hadi 40. Tazama hati zako uone ulinunua lipi. Lakini upande mweusi na upande mweupe ni la fundi. Alimaliza kreti moja ndipo akafungua nyingine, badala ya kuchanganya kutoka kreti tatu nne kwa wakati mmoja. Halivujishi, linaudhi macho tu.

Swali: Mvua kubwa imepita mara mbili, ndani hakuna hata tone. Si ndiyo dalili ya kazi nzuri?

Jibu: Si lazima. Chini ya sleti kuna karatasi ya kuzuia maji, nayo inaweza kuficha makosa ya fundi kwa miaka kadhaa. Chukua darubini, rudi mbali kidogo na nyumba. Viungo vya mstari mmoja visikae juu ya viungo vya mstari wa chini yake. Viachane kwa milimita 75 au zaidi. Kusionekane kichwa cha msumari popote kati ya sleti na sleti. Mistari inyooke, hasa ikikaribia kileleni, ambako fundi aliyepima vibaya hulazimika kubananisha au kutanua. Kisha panda darini mchana ukiwa umezima taa, uangalie mbao karibu na dohani na kwenye mabonde kama zina michirizi.

Na kabla fundi hajapakia vyombo vyake, mwambie akuachie sleti 30 au 40 za shehena ileile kwa ajili ya marekebisho. Zisimamishe kwa ukingo, zikiegemea ukuta. Ukizilaza zikarundikana, za chini zitapasuka.