Tikiti maji, hati ya nyumba na ile "asilimia 20 tu"

Swali: Mimi ni mwalimu, nimekodi ekari 3 Mkuranga. Nataka kukopa milioni 6 kwa dhamana ya hati ya nyumba nilime tikiti maji. Ekari moja ina mashimo 2,000, kila shimo matunda 2, kila tunda shilingi 1,500 shambani. Jumla milioni 18. Mtaalamu wa kundi letu la WhatsApp anasema uwezekano wa hasara ni asilimia 20 tu. Mke wangu anasita. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, daftari lenye hesabu kama hii huletwa mezani kwangu karibu kila wiki, limepigwa mistari kwa rula. Kuzidisha kwako hakuna kosa. Kinachoniumiza ni hilo neno "tu".

Wakilima watu 100, 20 wakaumia na 80 wakapata, kundi kwa wastani limefaidi. Lakini wewe ni mtu mmoja mwenye nyumba moja. Ukiangukia kwa wale 20, faida ya wale 80 haitakulipia rejesho. Tena hulimi mara moja. Ukilima misimu 5, kila msimu na hatari hiyohiyo, uwezekano wa kuivuka yote salama ni takriban asilimia 33. Ukipigwa msimu wa pili na hati iko benki, ule wa tatu ambao ungekulipa hutaufikia. Ndiyo maana huwa naanza na kuuliza: likitokea baya, utabaki na nini cha kuanzia tena? Asilimia zinafuata baadaye.

Halafu hasara za shambani huja kwa kushikana mikono. Inzi wa matunda hutoboa tikiti likiwa bado dogo kama yai. Nje utaona kitone cha utomvu tu, ndani funza wameshaanza kula. Tuseme kati ya matunda 4,000 ya ekari moja yanabaki 2,500 ya kuuza. Na msimu ukikunyookea wewe, umewanyookea na majirani zako mpaka Rufiji: malori yanaingia Dar siku zilezile, na tikiti lililoiva halimsubiri mtu. Dalali akikupa 700, ekari inaleta 1,750,000, zote tatu 5,250,000. Deni ni milioni 6, riba bado. Hapo sijataja mafuriko wala mnyauko.

Huyo mtaalamu wa kundini, muulize msimu huu ana ekari ngapi za tikiti kwa fedha yake mwenyewe. Nimechoka na watu hawa. Wanauza semina na mbegu, wanakusanya chao kabla mbegu haijaota, kisha mkulima akianguka wanamwambia hakuthubutu vya kutosha. Kenya 2013 na 2014 ilikuwa kware: mayai yakavumishwa kuwa tiba, watu wakajenga vizimba kwa akiba zao. Waliowahi waliwauzia waliochelewa ndege wao. Kila mtu alipokuwa na kware, mnunuzi akatoweka. Ukiletewa sungura, vanila au chochote kitakachovuma mwakani, tazama kama hesabu imetumia mavuno ya juu na bei ya juu kwa pamoja. Ikiwa hivyo, aliyeiandika anakuuzia kitu.

Kwako wewe: lima nusu ekari kwa fedha ambayo hata ikipotea yote, ada ya watoto inalipwa. Utamjua inzi, utamjua dalali. Hati ibaki kabatini.

Na mkeo usimhesabu kuwa mwoga. Kwa sheria yetu, nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, kwa hiyo ataitwa kusaini. Kabla ya siku hiyo andika ukurasa wa pili wa daftari: matunda 2,500, bei 700, na rejesho la kila mwezi likikatwa kwenye mshahara wako. Umwekee mbele kurasa zote mbili.